Kabla hujasahihisha tarakimu, fungua picha ya ukurasa

Kazi yangu ni kusafisha data za sensa ya viwanda ya Marekani: fomu za 1850 hadi 1880, zilizojazwa kwa mkono na sasa zimeingizwa kwenye kompyuta. Mwanzoni nilikuwa nikiona tarakimu isiyoingia akilini naifuta, naandika ninayodhani ndiyo. Baada ya wiki tatu sikuweza tena kutenganisha maandishi ya karani aliyejaza fomu na ya kwangu. Nikaanza upya. Kwa hiyo, safu ya awali usiiguse kabisa. Ongeza safu ya masahihisho, na nyingine ya sababu.

Makosa mengi hujifichua kwa hesabu ndogo. Nilikuta kiwanda cha kupasua mbao chenye wanaume 6, ujira wa mwezi dola 15,000, na mauzo ya mwaka mzima dola 4,800. Haiwezekani. Kwenye picha palikuwa na 150.00, nukta imefifia. Mara nyingine nilikuta wahunzi watatu wamefuatana, kila mmoja ana wafanyakazi 11. Vilikuwa vile vistari viwili vya "kama juu".

Ujira ndio unaohitaji subira. Fomu ya 1850 na ya 1860 iliuliza gharama ya mwezi ya wanaume wote kwa pamoja, lakini wapo makarani walioandika ya mtu mmoja. Ukiona wanaume 6 na dola 25, mchapaji aliyeingiza data kwenye kompyuta hana kosa. Soma ukurasa mzima ujue desturi ya karani huyo, kisha weka alama bila kubadilisha. Fomu ya 1870 iliuliza jumla ya mwaka. Ukizilinganisha hivihivi, utadhani ujira ulipanda ghafla.

Vivyo hivyo kwa kiwango cha dola 500. Karakana zilizozalisha chini ya hapo hazikutakiwa kuorodheshwa, lakini utazikuta. Usizifute, wala usiongeze sifuri.

Lililoniuma zaidi ni safu kuhama. Mchapaji akiruka kisanduku kitupu, kila kitu cha kulia husogea kushoto. Katika karakana moja ya viatu ya Massachusetts, kisanduku cha wanaume kilikuwa kitupu, na wanawake 12 wakahamia humo. Faili letu likasema hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Nilirudi kwenye kaunti nzima, ukurasa kwa ukurasa, kuwatafuta wengine.