Kibali cha mazoezi kitangulie kisu

Ukiwa na mzazi anayejiandaa kubadilishiwa goti, kila anayepiga simu atauliza daktari ni nani na upasuaji ni shilingi ngapi. Mazoezi tiba ya baadaye hayaulizwi, na ndiyo yanayoamua kama mama atapanda ngazi mwenyewe au atabaki na goti jipya lisilokunjika. Nimemuuguza mama yangu hapa Dar es Salaam, na ushauri wangu mkubwa ni huu: anza kufuatilia malipo ya mazoezi kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Kinachobana ni muda. Kovu linajengeka ndani pia, kuzunguka kiungo, na goti likiachwa hivi hivi wiki za mwanzo linakakamaa. Likikakamaa sana, wakati mwingine daktari humrudisha mgonjwa kwenye dawa ya usingizi ili alikunje kwa nguvu. Wodini watamsimamisha mapema kwa fremu ya kutembelea, lakini akisharuhusiwa kazi ni yenu. Na bima haina haraka na goti la mtu.

Kwa kampuni nyingi binafsi za bima, upasuaji unalipwa kutoka fungu la kulazwa. Akishatoka wodini, mazoezi yanakatwa kwenye fungu la wagonjwa wa nje, ambalo huwa dogo na pengine limeshaliwa na vipimo. Piga simu uulize limebaki kiasi gani, kama fiziotherapia, yaani hayo mazoezi tiba, ina kikomo chake peke yake, kama kila awamu inataka kibali kipya, na vituo gani karibu na nyumbani wanavilipia. Omba majibu kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha, na uandike jina la aliyekujibu. Mwenye kadi ya NHIF, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aanzie dirisha la bima la hospitali. Wale ndio wanaojua kipi kinahitaji kibali na rufaa iandikweje. Ndugu zetu wa Kenya, majibu ya NHIF yenu ya zamani yawekeni kando, maana tangu Oktoba 2024 mko SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake.

Sisi tulikwamia kwenye barua ya daktari. Ya kwanza ilisema "aendelee na mazoezi", basi. Kampuni ikairudisha: mazoezi gani, mara ngapi, goti lipi? Mama yuko kitandani na mguu umevimba, mimi niko kwenye foleni kumsubiri daktari ambaye siku zake za kliniki zinahesabika. Barua inayopita inataja upasuaji uliofanyika na tarehe yake, mguu wa upande gani, vikao vingapi kwa wiki na kwa wiki ngapi, tena ina sahihi na muhuri. Idai siku ya kuruhusiwa, isome mlango wa wodi hujauvuka, toa nakala. Awamu ikikaribia kuisha, mfiziotherapia aandike ripoti fupi: goti lilikuwa linakunjika nyuzi ngapi, sasa nyuzi ngapi. Wanaoidhinisha wanapenda namba.

Bajaji sahau kwa muda, mguu haupati pa kunyooka. Chukua teksi na kiti cha mbele kisogezwe nyuma kabisa. Ukijumlisha nauli za kwenda na kurudi, mtaalamu wa kuja nyumbani anaweza kuwa nafuu, ingawa bima nyingine hazimlipi. Tulichanganya: siku za bima kituoni, siku nyingine kijana mmoja aliyesajiliwa anakuja, tunamlipa wenyewe. "Bibi, kunja tena kidogo." Mama akamtazama. "Mjukuu wangu, hivi wewe kwenu una bibi?" Akakunja.

Dawa ya maumivu itangulie mazoezi kama nusu saa hivi. Mto usikae chini ya goti hata akiusihi vipi, kwa sababu goti linazoea kujikunja na kulinyoosha kunakuwa vita. Barafu ifungwe kwenye kanga, isiguse ngozi. Choo cha kuchuchumaa hakimfai. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunga kiti cha chuma chenye tundu, bora kiwe kirefu na chenye pa kushika. Ila kigimbi kikivimba na kuuma, au akahema kwa shida, au kidonda kikatoa usaha, mazoezi yasimame na aende hospitali saa hiyo hiyo.

Fungu la bima likiisha goti bado, msikatishe. Mwambieni mfiziotherapia ukweli, apunguze vikao na awaandikie mazoezi ya nyumbani, kisha mama awe anakwenda kupimwa mara moja moja kwa fedha taslimu kwenye hospitali ya serikali, ambako bei kwa kawaida iko chini. Risiti zitunzwe. Kuna kampuni zinazorejesha fedha zikipelekewa ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, na muda huo huwa mfupi.