Gauni la satini limekwama nyongani: kosa si la cherehani

SWALI: Shikamoo fundi. Ninajifunza kushona, na hili ni gauni langu la kwanza la kutokea usiku, kwa ajili ya sherehe ya kumuaga dada yangu Jumamosi ya wiki ijayo. Nililaza gauni langu la kubana juu ya satini, nikakata kwa kulifuata na kuacha sentimita 1.5 za mshono. Nyonga zangu ni sentimita 104. Sasa zipu ya mgongoni inakwama nyongani, na nilipoilazimisha, nyuzi za kitambaa zikaanza kuachana kando ya mshono. Mishono nayo imejikunja. Natumia sindano namba 16. Jirani anasema cherehani ni mbovu, na kwamba nikinyunyizia satini maji na kuivuta kwa pasi itatanuka. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, dada. Pasi iweke mbali kwanza. Satini nyingi tunazouziwa ni za poliesta, nazo hazitanuki kwa maji wala kwa moto. Utaambulia alama za matone upande wa mng'aro na, pasi ikizidi moto, doa lisilotoka tena. Kuhusu mishono kujikunja, sindano namba 16 ni nene mno kwa satini: weka mpya ya namba 9 au 11, legeza kidogo uzi wa juu, kisha jaribu kwenye kipande kilichobaki.

Kinachonisikitisha, na ambacho hufika mezani kwangu karibu kila wiki, ni huko kulaza gauni juu ya kitambaa. Gauni la kubana kwa kawaida hushonwa kwa kitambaa cha jamii ya fulana, ambacho kimeshikana kwa vitanzi vinavyofunguka ukikivuta na kujirudi ukikiachia, na ndiyo maana hukatwa dogo kuliko mwili wa mvaaji. Satini ni nyuzi za wima na za ulalo zilizopitana, hazina pa kwenda. Shika sentimita 10 za kila kitambaa uzivute juu ya rula: cha fulana kitafika 13 au zaidi bila taabu, satini yako haitasogea. Sasa lipime gauni lile likiwa limelazwa. Ukikuta sentimita 48 nyongani, mzunguko wake ni 96, nawe una 104, na bado unahitaji nafasi ya sentimita 6 hivi ili uweze kukaa. Umekata gauni lililopungua sentimita 14, na hakuna fundi wala cherehani itakayozirudisha kwa kuvuta.

Usitegemee akiba ya mshono. Ukitoa sentimita moja kila upande wa mishono miwili utapata 4 tu, na matundu ya sindano ya mwanzo yatabaki yakionekana kama mstari wa nukta. Fumua mishono ya pembeni, kisha ingiza kila upande kipande kirefu kutoka kwapani hadi kwenye pindo, cha lesi yenye bitana au cha satini ya rangi nyingine, ili kionekane kimekusudiwa. Kwa vipimo hivyo, kikate sentimita 11 nyongani kibaki 8 kikishashonwa, ukipunguze kiunoni kadiri ya kipimo chako, na upitishe mshono mpya milimita 2 ndani ya ule wa zamani ili matundu yafichike. Mahali nyuzi zilipoachana, gandisha kwa nyuma kitambaa chembamba cha kubandika kwa pasi ya moto mdogo, huku umeweka kitambaa kingine juu yake.

Wanaoanza wanapotezwa na watu wanaofundisha kwa video za dakika moja kwamba gauni hushonwa bila vipimo, na wengine hutoza ada kwa darasa la siku tatu lenye mafundisho hayohayo. Watazame vizuri: mvaaji husimama, hugeuka, hutabasamu, wala hakai hata mara moja. Nyonga hupanuka mtu akikaa, na katika sherehe ya usiku utakaa kwa saa nyingi. Wanaowaamini hao huniletea satini iliyokwishakatwa, ndani ya mfuko, jioni ya kuamkia sherehe, wakati ambapo hata kipande cha kuongezea hakipatikani tena dukani.

Kwa gauni lijalo, nunua kwanza marekani, ile pamba isiyotiwa rangi ambayo bei yake ni ndogo. Jipime ukiwa umesimama, kisha nyonga uzipime tena ukiwa umekaa, na ufuate kipimo kikubwa. Kata marekani hiyo, iunge kwa mishono mirefu, ivae, kaa, inama, panda ngazi, na uweke alama za kalamu palipobana na palipolegea. Ukiridhika, ifumue na uinyooshe kwa pasi. Vipande vyake ndivyo utakavyovilaza juu ya satini.