Kompyuta Mpya Inazima Yenyewe? Usianze na Joto

Hapa Dar kompyuta ikizima ghafla, hukumu hutoka kabla ya kesi kusikilizwa: "Inachemka hiyo." Mwenye mashine anafungua ubavu wa kasha, anaegesha feni ya mezani pembeni, na kesho yake bado inazima. Mimi huwaunganishia watu kompyuta za mezani, wengi wao wahariri wa video za harusi na vijana wa gemu. Katika mashine mpya ninazoletewa na tatizo hili, umeme na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vimekuwa wakosaji mara nyingi zaidi kuliko joto. Joto lipo, tena kwa hali ya hewa yetu lipo la kutosha, lakini lina tabia zake. Ukizijua utaacha kulisingizia.

Tabia yenyewe ni hii: prosesa ya kisasa haifi kwa joto kimyakimya. Ikifika kwenye kikomo chake inapunguza kasi ili ipoe. Kikomo cha Ryzen 5 5600 ni nyuzi 90, cha Core i5-12400 ya Intel ni 100. Ryzen 7000 zenye herufi X zimeundwa kabisa kufika 95 na kukaa hapo zikibebeshwa kazi nzito. AMD, watengenezaji wa Ryzen, walilisema wazi zilipotoka mwaka 2022. Kwa hiyo ukiona 95 kwenye 7700X wakati unarenda video, usikimbilie dukani. Kuzima kabisa kunakuja baadaye, pale kupunguza kasi kunaposhindwa kusaidia na joto likaendelea kupanda. Ndiyo maana mashine yenye joto la kweli huanza kwa kulegea: gemu linakwamakwama, feni zinavuma, kazi uliyozoea kuimaliza haraka inaburuta, halafu ndipo inazima. Mashine iliyokuwa inakimbia vizuri kisha pap, giza, hiyo itazame umeme kwanza.

Inakufaje?

Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa mtu, na wengi hawawezi kulijibu kwa sababu walikuwa wanatazama pembeni. "Inazima tu, kaka." Lakini kuna kuzima na kuzima. Kuna inayokatika kama umeme umekwenda. Kuna inayojiwasha upya yenyewe. Kuna inayoganda, picha imesimama na sauti inajirudia. Kuna inayotoa skrini ya bluu. Na kuna ile ambayo skrini inakuwa nyeusi lakini feni za kadi ya grafiki zinanguruma na sauti ya muziki inaendelea. Hiyo ya mwisho karibu siku zote ni kadi, draiva yake, au waya unaoilisha.

Kama hukuona, Windows iliandika. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tafuta Kernel-Power yenye namba 41. Watu huiona hiyo 41 wakadhani wamepata ugonjwa, kumbe inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Kilicho na faida kiko ndani, kwenye sehemu ya Details: namba ya BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika, kwa hiyo fikiria umeme, joto la kupindukia, au mashine iliyoganda ukaizima kwa kidole. Ikiwa 292, hiyo ni 0x124, yaani kosa la kifaa lililoripotiwa na prosesa yenyewe. Ikiwa 26, ni kosa la kumbukumbu, na mimi huchomoa RAM kabla ya kuuliza swali jingine.

Kisha weka HWiNFO64, programu ya bure ya kusoma joto na umeme wa mashine, uchague kutazama vipimo peke yake. Usiishie kukodolea macho namba zikipanda na kushuka. Iamuru iandike vipimo kwenye faili, halafu fanya ile kazi inayoiua mashine. Ikizima, iwashe na usome mstari wa mwisho wa faili. Huo ndio ushahidi. Mengine yote ni maneno ya kijiweni.

Watt mia sita za kwenye karatasi

Kijana mmoja mhariri aliniletea mashine yake: Ryzen 5 5600, kadi ya RTX 3060, kasha lenye taa za kila rangi. Inafungua programu vizuri, inakata na kuunga video vizuri, lakini akibonyeza kutoa video iliyokamilika, baada ya muda mfupi inakatika. "Nimebadilisha pesti, nimeongeza feni mbili, bado." Pesti ni ile krimu ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa. Mstari wa mwisho wa faili ulionyesha prosesa nyuzi 71 na kadi nyuzi 66. Hakuna kinachozima kwa joto hilo. Dalili nyingine ilikuwa kwenye swichi: baada ya kuzima, kitufe cha mbele hakikuitikia kabisa mpaka uzime swichi ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, kwa nyuma, usubiri kidogo, uiwashe tena. Pawa saplai ikijifunga hivyo, mara nyingi ni ulinzi wake wa ndani umejikata.

Tukaichomoa tukasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Juu, kwa maandishi makubwa, 600W. Chini yake kuna jedwali dogo ambalo wanunuzi wengi hawalisomi, na hapo kwenye safu ya +12V imeandikwa 18A. Zidisha: 18 mara 12 ni W 216. Prosesa na kadi ya grafiki vyote vinakula kutoka kwenye hiyo 12V. RTX 3060 peke yake huvuta hadi W 170, na 5600 ikikamuliwa huvuta hadi W 76. Jumla 246, bado hujahesabu feni, diski na ile miruko ya ghafla ambayo kadi hufanya kwa kupepesa jicho. Kwa mhariri hali ni mbaya zaidi, kwa sababu wakati wa kutoa video prosesa na kadi hukamuliwa pamoja. Nvidia, watengenezaji wa kadi hiyo, wanapendekeza pawa saplai ya W 550, na W 550 ya kweli huandika kama 45A kwenye 12V. Tuliweka ya namna hiyo, tatizo likaisha, na zile feni mbili za ziada zimebaki pale kama pambo.

Kama huna pawa saplai nyingine ya kujaribia, kuna njia isiyogharimu hata senti. Tumia programu ya MSI Afterburner kushusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 60, urudie kazi ileile. Ikiacha kuzima, umejua pa kwenda. Na kama kadi yako ina matundu mawili ya umeme, tumia waya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, usitegemee waya mmoja wenye vichwa viwili.

Usisahau ukuta. Mtaani umeme hushuka jioni watu wakirudi makwao, na mashine inayozima pale friji au pampu ya maji inapoanza kuvuta haihitaji pesti mpya. Pawa saplai bora hupokea kuanzia V 100 hadi 240 bila kuuliza. Za bei rahisi zina kile kiswichi chekundu cha 115 na 230. Hakikisha kimesimama kwenye 230 kabla hujachomeka chochote, vinginevyo utasikia mlipuko na harufu. UPS ya 650VA nayo, iliyotosha kwa kompyuta ya ofisini, haiwezi kubeba mashine ya gemu, kwa sababu huwa inatoa chini ya W 400. Na ukigusa kasha ukahisi umeme unakutekenya, huna ethi. Huyo ni fundi umeme wa nyumba, siyo wa kompyuta.

Sasa joto lenyewe

Tuseme faili imeonyesha prosesa imefika kwenye kikomo chake na kasi imeporomoka. Hapo sawa, ni joto. Swali linabaki moja: joto linakwama wapi? Endesha mzigo, kwa mfano Cinebench, programu ya kukamua prosesa, kwa dakika 10 kasha likiwa limefungwa, uandike namba. Fungua ubavu, rudia. Ikishuka nyuzi 10 au zaidi, kasha halipumui. Isiposhuka kitu, hewa haina kosa, na tatizo liko kati ya prosesa na hitisinki yake, kile chuma cha kuipozea.

Kati ya prosesa na hitisinki ndipo mashine mpya hukosewa sana. Feni inayokuja na prosesa za Intel hushikwa na pini nne za plastiki za kusukuma, na pini moja isipolia "taki" hadi mwisho, hitisinki inakaa upande. Kwa macho huioni. Geuza mazabodi (bodi kuu) uangalie nyuma: pini zote nne lazima ziwe zimetokeza na kutanuka sawasawa. Dalili yake ni kwamba joto halipandi, linaruka: unaanza mzigo, na kufumba na kufumbua upo 100. Dalili hiyohiyo huletwa na ile karatasi ya plastiki ya kinga chini ya hitisinki, ambayo mtu kwa haraka ya kuona taa zikiwaka hasahau kuivua tu, hata maandishi ya onyo juu yake hayasomi. Pesti yenyewe ni kiasi cha punje ya mbaazi katikati, na skrubu zikazwe kwa mshazari, kidogokidogo, usimalize kona moja kabla ya kugusa nyingine. Kwa wenye mfumo wa maji, gusa mirija: prosesa ikiwa inaungua huku mabati ya kupozea ni baridi, pampu haizunguki au haijachomekwa.

Kasha lisilopumua lina mambo machache. Kioo kizima mbele ni kizuri kwenye picha na kibaya Februari. Feni za mbele ziingize hewa, za nyuma na juu zitoe. Upande wa feni wenye fremu za plastiki zinazoshika mota ndio upande hewa inakotokea. Na ujue unachopigana nacho. Wale wa YouTube wanaokuonyesha prosesa ikiwa na nyuzi 70 wamekaa kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22. Chumba chako kikiwa na 32, ongeza 10 juu ya namba zao na usilie, kwa sababu feni haiwezi kupoza kitu chini ya hewa inayoivuta. Kuacha ubavu wazi moja kwa moja siyo dawa. Ni kipimo, na ukikifanya makazi, vumbi la barabarani litakuja kukudai.

Kwa wenye Ryzen 7000 kuna kitu kinaitwa Eco Mode, mpangilio wa kula umeme kidogo, ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi). Kiweke kwenye W 65. Kwenye gemu hutaona tofauti ya maana, na feni itanyamaza. Kwa mtu asiye na AC ndilo jambo la kwanza ninalomwekea.

RAM, na ile habari ya Intel

RAM iliyoandikwa 3600 haiendi 3600 mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi yake ya kiwandani, kwenye BIOS, na ukiiwasha umeshaivuka kasi ambayo AMD wanaitambua rasmi kwa Ryzen 5000, yaani 3200. Mara nyingi inakubali. Isipokubali, unapata skrini za bluu zisizofanana, leo hii kesho ile, na vivinjari vinavyojifunga bila sababu. Zima XMP, tumia mashine kama kawaida, uone. Ikitulia, irudishe kwa 3200. Isipotulia, weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na uiache ifanye kazi usiku kucha. Kosa moja linatosha, hakuna "makosa machache yanayokubalika". Pia hakikisha vijiti viwili viko tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na kama mashine yako ni ya DDR5, kizazi kipya cha RAM, mara ya kwanza kuiwasha skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa ikijipima RAM. Iache. Wengi wameifumua mashine nzima isiyo na ubaya wowote.

Ukiwa na Core i7 au i9 za kizazi cha 13 au 14, au i5 zake zenye K, soma hapa vizuri. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zinapokea volti kupita kiasi na kuharibika taratibu, wakatoa marekebisho ya mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa), 0x129 ya mwezi Agosti na 0x12B ya Septemba, yanayoingia kupitia BIOS mpya. Dalili maarufu ni gemu kulalamika kwamba kumbukumbu ya kadi imekwisha wakati kadi ina nafasi tele. BIOS mpya inakinga, haiponyi iliyokwisha kuumia. Waliongeza pia dhamana kwa miaka 2, kwa hiyo prosesa ya mtumba ya aina hii uliyouziwa bila boksi wala risiti ni bahati nasibu.

Ukishajua kilichokufa, ndipo urudi dukani. Muuzaji atakichomeka, ataona picha imetokea kwenye skrini, atakwambia kiko sawa. Kuwaka siyo kipimo kwa kifaa kinachokufa kwenye mzigo. Nenda na ile faili ya HWiNFO64, picha ya makosa ya Memtest86+ uliyopiga kwa simu, risiti, na flashi yenye jaribio lilelile linaloiua, uombe liendeshwe hapohapo mbele yako kwa dakika ishirini.