Mwanangu, kilio hakina vina

Mwanangu,

Wimbo nimeusikiliza na swali lako nimelisoma. Unauliza kama ni haki kumwimba mtu mliyeachana, mambo yenu ya ndani yasikike kwa kila mwenye masikio, na yeye hana pa kujibia. Nitakujibu, ila unanijua, nitaanzia mbali.

Kwanza nimefurahi kwamba umeuacha ukae kabla ya kuurekodi. Kilio hakina vina. Nilikuwa nakuambia hivyo ulipokuwa ukijifungia chumbani na daftari, macho yamekuvimba, na ulikuwa ukinichukia kwa kauli hiyo. Lakini hata mwili unashuhudia: koo likikabwa na kilio, pumzi haitoki sawasawa na sauti hukatika kabla mstari haujaisha. Isitoshe, anayelia hachagui neno. Linalomtoka ndilo hilo hilo. Anayetunga anahesabu silabi kwa vidole, anatupa neno alilolipenda kwa kuwa limezidi mizani, anatafuta jingine, na katika kutafuta huko ndiko anakogundua alichokuwa akikililia hasa. Mara nyingi sicho alichodhani.

Mwana Kupona, yule mshairi wa kale wa pwani, mwaka 1858, alipomtungia bintiye ule utendi wake, hakuanza na hekima. Alimwita binti asogee asikie wasia, akasema maradhi yamemshika, yametimiza mwaka, kisha akamwambia aje akae na wino na karatasi. Nasaha zikafuata baadaye. Mimi nikiusoma, ule wino na ile karatasi ndivyo vinavyonifanya niwaamini wale wawili.

Basi nakuja kwa babu yako. Ule wimbo wa "Baba yangu wewe taa" unaujua, umekua ukiusikia, na najua ulikuwa ukijiuliza kwa nini ukipigwa redioni mimi huondoka sebuleni. Baba yako aliwahi kukuambia mama haupendi kwa sababu unamkumbusha msiba. Haikuwa hivyo. Haupendi kwa sababu haumkumbushi chochote.

Mimi nilipoutunga haukuwa na taa. Ulikuwa na miwani. Mkono mmoja wa miwani ya babu ulivunjika, akaufunga kwa uzi badala ya kuupeleka kwa fundi, na kila usiku aliiweka chini ya kitanda, karibu na kichwa. Asubuhi, kabla hajafumbua macho vizuri, mkono wake ulishuka ukawa unapapasa sakafuni. Alipokuwa mgonjwa sana, haoni tena wala hahitaji kuona, mkono ule uliendelea kushuka. Hicho ndicho nilichokitungia:

*Miwani, uzi mweupe, mkono unatafuta.*

Silabi nane kwa nane, hesabu mwenyewe. Beti nzima niliijenga juu ya kina hicho cha *-pe*, na haikuwa kazi nyepesi.

Kiongozi wa bendi niliyokuwa nikiimbia akausoma, akacheka kidogo, akasema hakuna mtu atakayesimama kucheza miwani. Kauli ya mwisho ilikuwa yake. Akaiandika beti upya pale pale studio, kalamu yangu mkononi mwake: *Baba yangu wewe taa, umeniangaza njia.* Nayo ni nane kwa nane! Mizani haikupungua hata moja. Nikaimba. Wimbo ukapendwa kuliko wowote tuliowahi kuutoa, watu wakawa wanaombea salamu. Siku mama yako mdogo alipousikia kwa mara ya kwanza, alitulia hadi mwisho, kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Huyu baba ni wa nani?"

Mpaka leo swali hilo linaniwasha. Taa ile ungeweza kumpa baba yeyote, hata wa yule kiongozi mwenyewe.

Lakini ngoja, nisiwe mchoyo. Watu waliozika baba zao waliniandikia kunishukuru. Mmoja alisema aliupiga usiku kucha. Je, nimwambie alifarijiwa na uongo? Siwezi. Pengine wimbo wa taa una kazi yake: unamwachia msikilizaji chumba kitupu aweke wake mwenyewe. Pengine mimi ndiye niliyetaka watu wote wamlilie baba yangu, na hiyo nayo ni tamaa. Nimelifikiria sana hili na kila nikilifikiria naishia pale pale: waliofarijiwa walifarijiwa, na bado baba yangu hayumo.

Ile ya miwani nilikuja kuiimba baadaye, nyumbani tu, wewe ukiwa mdogo mgongoni kwangu. Nilidhani mama yako mdogo atalia. Alicheka! Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akafuta macho akasema, "Ila uzi ulikuwa wa buluu." Tukabishana mpaka usiku. Yeye anaapa ni wa buluu, ulitoka kwenye kile kikapu chake cha kushonea. Mimi nasema mweupe. Na hata kama ni wa buluu, ningefanya nini? *Miwani, uzi wa buluu* ni tisa, na kina kimekwenda. Nilimwambia hivyo, akaniangalia kama mwendawazimu. Akasema, kwa hiyo unadanganya kwa ajili ya hesabu? Nikasema rangi si kitu, mkono ndio ukweli. Akasema kwake rangi ndiyo kitu, kwa sababu uzi ulikuwa wake.

Sijawahi kupata jibu la hilo. Nalileta kwako kwa kuwa linagusa ulichoniuliza: wewe una mkono wako, na huyo mwenzio ana uzi wake.

Sasa wimbo wako. Beti ya kwanza inasema moyo umevunjika, machozi yanatiririka, usiku ni mrefu. Sina ugomvi nayo, ila huyu ni mpenzi wa nani? Kilio hakina vina, na humo vina vipo lakini ni kilio kile kile kimevalishwa. Ya pili, pale unaposema ameacha funguo juu ya friji na wewe umekuwa ukifungua friji kwa mkono wa kushoto ili usiziguse, hapo nilisimamisha simu. Hapo nimekuona. Tena kiitikio chako, "Mlango uko wazi", mwanzoni ni malalamiko tu. Kikirudi baada ya funguo zile kinakuwa kitu kingine, na hujabadilisha hata neno. Hiyo si bahati, hiyo ni kazi, na nimejivuna.

Ila katika kiitikio hicho umeupandisha mlio kwenye silabi ya mwisho ya "mlango". Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti ikivutwa kwingine sikio linajikwaa kabla ya moyo kufika. Upandishe noti moja kabla ya hapo, uone. Na amua kama unasema naye au unamsimulia: umeanza na "wewe", katikati amekuwa "yeye". Kama umemgeuza makusudi, kwamba ameshakuwa mbali, basi tufanye tusikie akiondoka.

Beti ya tatu. Najua ndiyo unayoniulizia, hizi nyingine ulinipa nizizungukie. Funguo uliziona kwa macho yako, mkono wa kushoto ni wako, hayo hakuna wa kukudai. Lakini lile alilokuambia kuhusu mama yake, usiku, taa zimezimwa, hakulisema ili liimbwe. Kwa upande mwingine, ndiyo beti yenye nguvu kuliko zote, na mimi niliyenyang'anywa miwani yangu nitakuwa wa mwisho kumwambia mtu afute mstari wa kweli. Nilikuwa nimeandika neno moja hapa, nikalikata. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utalisoma, najua utaiinua, kwa hiyo nimelikata sana.

Sitakuamulia. Wewe ndiye utakayesimama na gitaa siku ambayo yeye atakuwa amekaa kule nyuma, maana watu hao huja. Utajua mwenyewe kama sauti itatoka.

Rekebisha kiitikio kwanza, kisha nitumie tena, hata kama beti ya tatu bado imo. Hasa kama bado imo.

Mama yako