LibreOffice yafunguka kwa sudo tu, ikoni ikibofywa inagoma

SWALI: Habari fundi. Mimi ni karani wa shule. Laptop ya ofisi niliiwekea Ubuntu 18.04, ule usakinishaji mdogo usio na programu za ofisi, kisha nikapakua LibreOffice 7.6 na kuisakinisha kwa dpkg, amri ya kusakinisha vifurushi vilivyopakuliwa. Nilipomaliza niliijaribu palepale kwenye terminali kwa sudo libreoffice7.6 (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), ikafunguka vizuri. Kesho yake nabofya ikoni, kinatokea kisanduku chenye maneno "User installation could not be completed", basi. Nimeiondoa na kuisakinisha upya, mambo ni yaleyale. Kwa sudo bado inakubali, na ndivyo ninavyoandika barua sasa. Shida ni nini?

JIBU: Salama, ndugu karani. Acha kusakinisha upya. Programu inayofunguka kwa sudo ni nzima; faili zake zote zimo ndani ya /opt/libreoffice7.6 na hazina kosa. Kilichoharibika kiko kwenye folda yako ya nyumbani, mahali ambapo kuondoa programu hakugusi kabisa. Ndiyo maana kurudia hakukusaidia.

LibreOffice ikifunguka mara ya kwanza hutengeneza profaili: folda ya mipangilio, kamusi na violezo vya mtumiaji. Wewe mara hiyo ya kwanza uliifungua kwa sudo. Kwenye Ubuntu 18.04, sudo huendelea kutumia folda yako ya nyumbani ingawa anayefanya kazi ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Basi root akajenga profaili ndani ya nyumba yako na kuiandika kwa jina lake. (Kuanzia Ubuntu 19.10, sudo huenda kwenye folda ya root mwenyewe, kwa hiyo kosa hili limepungua.) Hakikisha hivi:

ls -ld ~/.config/libreoffice

Ukiona mstari unaoanza na drwx------ ukifuatiwa na root root, tumempata mkosaji. Funga LibreOffice, kisha urudishe umiliki:

sudo chown -R $USER:$USER ~/.config/libreoffice

Bofya ikoni sasa. Kuna watakaokushauri chmod -R 777 kwa nyumba nzima, usithubutu. Unafungulia kila mtu faili za shule, na tatizo la umiliki linabaki palepale.

Ikigoma bado, ifungue kwenye terminali bila sudo, yaani libreoffice7.6 peke yake, usome inachosema. Ikoni huficha maneno hayo. Ukikuta faili saidizi libXinerama.so.1 haipo, kwa mfano, dawa ni sudo apt install libxinerama1, kwa sababu dpkg haikuletei vifurushi tegemezi (vile ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi) kama apt. Kwako sidhani, maana isingefunguka hata kwa sudo.

Hatua ya mwisho ni kuiweka profaili kando:

mv ~/.config/libreoffice/4 ~/.config/libreoffice/4-zamani

Usishangae namba 4 wakati toleo lako ni 7.6, folda hiyo imebaki na jina lake tangu LibreOffice 4.0 ya mwaka 2013. Programu itajitengenezea profaili mpya. Nyaraka zako hazimo humo, hazipotei. Kama umeshaongeza majina ya wanafunzi kwenye kamusi ili yasipigiwe mstari mwekundu, yamo ndani ya 4-zamani/user/wordbook. Nakili folda hiyo kwenye profaili mpya.

Limebaki jambo ambalo hukuuliza. Barua zote mpya ulizohifadhi ukiwa umefungua kwa sudo nazo ni mali ya root. Utazifungua, utazisoma, lakini ukitaka kuzirekebisha na kuhifadhi utakataliwa. Zitafute zote kwa pamoja:

find ~ -user root

Zile zinazotokea kwenye orodha, zipitishie chown ileile, ukibadilisha njia ya faili tu.