Uliza Ujibiwe: Tabora, shule zake na mpira ambao haukuandikwa

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka mkoa wa Tabora na moja limetoka kule reli inakoishia, Kigoma. Nimeyapunguza urefu tu, maneno ni ya wenyewe.

Shikamoo. Marehemu mjomba wangu alisomea ualimu hapo Tabora miaka ya 80, tunaambiwa alikuwa winga hatari wa chuo mpaka akaitwa timu ya mkoa, ila nyumbani hakuna picha wala karatasi. Wanangu wakiniuliza nawapa stori tu. Naanzia wapi kutafuta? (Mama wawili, Isevya)

Marahaba mama wawili. Anza na watu kabla ya makaratasi, maana makaratasi yanasubiri ila wazee hawasubiri. Tafuta aliosoma nao, na walimu wastaafu Tabora wanajuana balaa, ukimpata mmoja tu ukamtajia mwaka na mchepuo atakupeleka kwa wenzake watatu. Nenda na simu uwarekodi, afu usiwaulize "alikuwa mzuri?" kwasababu marehemu wote walikuwa wazuri, uliza alicheza namba ngapi, nani alikuwa kipa, mechi ilikuwa wapi, walisafiri na nini. Wazee wawili wasiokaa pamoja wakikutajia kipa yule yule, hapo una kitu mkononi.

Baada ya hapo nenda chuoni kwenyewe, na ukifika usiishie kuomba faili la mwanafunzi, omba uoneshwe lilipo kabati la vikombe na picha za zamani, mara nyingi lipo ofisini kwa mkuu au stoo limefunikwa na viti vibovu. Vyuo vya ualimu vilikuwa na mashindano yao, UMISAVUTA, kwahiyo vikosi viliandikwa mahali hata kama ni kwa kalamu ya risasi. Halafu kuna hiyo timu ya mkoa: mikoa ilikuwa inacheza Taifa Cup, na magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News yalikuwa yanatoa habari zake. Nakala za zamani utazipata Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar, barabara ya Bibi Titi, au maktaba ya Chuo Kikuu mlimani. Tatizo moja mama, waandishi wa zamani walipenda majina ya utani, unaweza ukapita jina la mjomba mara tano usimwone kwasababu kaandikwa jina la mchezaji fulani wa Brazil. Kwahiyo hilo jina la uwanjani lijue kabla hujapanda basi.

Na TAREFA, chama cha mpira cha mkoa, wapigie hodi pia. Viongozi wanabadilika lakini kila chama kina mzee mmoja anayekumbuka kila kitu na huwa hajapewa cheo chochote.

Mwangaluka mjibu maswali! Hivi kwanini kila msomi mkubwa wa zamani utasikia kapita Tabora, na mpira ulikuwepo au walikuwa wanasoma tu? Babu anasema Tabora Boys ilikuwa ya watoto wa machifu, mi naona ananifunga kamba. (Kijana wa Cheyo)

Mwangaluka mwanangu, babu hakufungi kamba. Shule ya Tabora ilianzishwa na Waingereza mwaka 1922 na lengo la mwanzo lilikuwa hilo hilo, watoto wa kiume wa machifu waje wasomeshwe ili wakirudi kwao watawale kama mkoloni anavyotaka. Baadae mlango ukapanuka wakaingia na wengine waliofaulu. Nyerere alifika pale 1937 akitokea Mwisenge Musoma, na ye alikuwa mtoto wa chifu, akatoka akaenda Makerere, afu aliporudi akafundisha hapo hapo mjini shule ya St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh 1949. Kawawa naye ni wa Tabora Boys.

Sasa kwanini Tabora na sio kwingine? Kwasababu njia zote zilipita hapa hata kabla ya reli. Misafara ya pembe na watumwa ya kwenda Ujiji ilikuwa inapumzika Kazeh, ndo Tabora hiyo hiyo, Livingstone alikaa Kwihara 1872 baada ya kukutana na Stanley kule Ujiji, na kaskazini magharibi yake Mirambo alikuwa ameshika Urambo na kuwabana wafanyabiashara wa Kiarabu mpaka alipofariki 1884. Wajerumani walipokuja mtemi Isike aliwagomea, na Januari 1893 ngome yake ilipozidiwa alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Watu wanapita Ipuli kila siku wanawahi sokoni hawajui hata kimoja katika hivyo. Reli ikafika 1912, Kigoma ikafika 1914, tawi la Mwanza likafunguliwa 1928, hapo Tabora ikawa njia panda kweli kweli.

Nikiwa kwenye reli hapo hapo niseme na hili maana vijana wengi hawalijui: mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na Waingereza hela zimeisha, wakatengeneza sarafu zao Tabora kwenye karakana ya reli, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu ikitoka Sekenke kule Iramba. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji. Leo hizo sarafu zinauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa bei ya kutisha, kwahiyo babu akiwa na moja usiichezee karata.

Mpira ulikuwepo bana. Shule ya bweni ya mtindo wa Kiingereza ratiba yake ni kengele, darasa, shamba, jioni uwanjani, na mji ukishakuwa na mabweni ya wavulana, wafanyakazi wa reli na askari, timu zinajitengeneza zenyewe. Tabora leo ina Chuo cha Reli, Chuo cha Nyuki, Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho watu bado wanakiita Uhazili, ina vyuo vya ualimu na afya na chuo kikuu cha AMUCTA juu yake. Jioni pita kiwanja chochote karibu na chuo uone kama hujakuta mechi ya mwaka wa kwanza na wa pili inagombewa kama fainali. Na mashindano ya taifa ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalifanyika Tabora 2022 na 2023 tena, yaani watoto wa nchi nzima wamekanyaga hapa.

Binamu yangu yupo Marekani, kaunti ya mashambani huko mahindi matupu, ananiambia wanamjua kila kijana wa pale aliyewahi kuchezea timu ya chuo toka enzi za mababu, kuna mpaka vitabu. Sisi tunashindwa nini? (Nzega)

Kwanza tuelewane, mpira wenyewe sio huu wetu, ni ule wa kushika na kofia ngumu. Mechi ya kwanza ya vyuo kule inahesabiwa ya Rutgers na Princeton, Novemba 1869, Rutgers ilishinda 6 kwa 4, na cha kuchekesha siku hiyo walicheza kitu kinachofanana zaidi na mpira wetu wa miguu, watu 25 kila upande, hebu fikiria hiyo vurugu.

Ila tofauti kubwa ni njia ya kupanda. Kule kijana huwezi kuingia ligi yao kubwa ya kulipwa mpaka ipite miaka 3 toka umalize sekondari, kwahiyo hiyo miaka anaipitishia chuo, na timu za kulipwa zimekuwa zikichagua vijana wa vyuo kwa zamu toka 1936. Maana yake chuo ndo daraja lenyewe. Uwanja wa chuo cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000 wakati Mkapa wetu ni 60,000. Na miaka yote hiyo wachezaji wa vyuo walikuwa hawaruhusiwi kulipwa matangazo mpaka 2021.

Huku kwetu chuo ni njia ya pembeni. Kijana akiwa moto anaonekana kwenye ndondo au UMISSETA, timu inamchukua, na kama alikuwa shule basi shule ndo inaachwa mlangoni. Walioweza vyote viwili tunawataja kwa vidole, Leodegar Tenga kwa mfano, mhandisi, mchezaji wa Taifa Stars iliyokwenda Afcon ya 1980 Lagos, baadae rais wa TFF, shirikisho la mpira la nchi. Jibu langu la tunashindwa nini ni kwamba kule kagazeti ka wilaya kanaandika mechi ya shule kila wiki na shule inatoa kitabu cha picha kila mwaka, kwahiyo miaka 80 ikipita kuna mtu anakusanya tu. Sisi mchezaji anaandikwa siku akifika Kariakoo, na hapo anaandikwa mchezaji wa Simba au Yanga, Tabora yake imeshapotea njiani. Mwalimu wa michezo mwenye daftari na simu yenye kamera angemaliza nusu ya hilo tatizo kwa muhula mmoja, sidhani kama inahitaji bajeti ya wizara.

Mwakeye! Nyie Tabora mna shule, sisi Kigoma tuna wachezaji. Kaseja wetu, Sunday Manara wetu. Nyie nani? (Mwanga, Kigoma)

Mwakeye mwisho wa reli. Kaseja nakupa bila ubishi, kipa aliyesimama Cairo 2003 Simba ikaivua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa penalti akiwa kijana wa miaka 18, hakuna wa kubisha. Manara mnayemdai Ujiji alicheza Uholanzi, Heracles, wakati wenzake hawajui hata ndege inapandiwa wapi. Lakini na sisi tuna Haruna Moshi Boban, aliyekwenda Gefle ya Sweden 2010, na kaka yake Iddi Moshi wa Yanga ambaye jina la uwanjani lilikuwa Mnyamwezi, hapo hata kuuliza ametoka wapi ni uchokozi.

Na ninyi mna Mashujaa, timu ya jeshi, iliitoa Simba kombe la FA Desemba 2018 pale Dar, ikapanda Ligi Kuu 2023, Aprili 2024 ikaitoa tena Simba kwa penalti hapo Lake Tanganyika. Uwanja huo huo fainali ya FA ya 2021 Simba alimfunga Yanga moja bila, bao la Lwanga. Kwa mpira wa mkoa mpo vizuri, nasema hivyo mara moja tu msinizoee.

Timu yetu ya Tabora mbona kila mwaka jina jingine? (Kiloleni)

Ilipanda 2023 ikiitwa Kitayosce, mechi ya kwanza na Azam ikaingia na wachezaji 8 tu kwasababu ya usajili, wawili wakaumia, mpira ukaishia kipindi cha kwanza ikiwa imefungwa 4. Ikawa Tabora United, ikanusurika kushuka kwa mchujo, afu Novemba 2024 ikamfunga Yanga 3 kwa 1 pale Chamazi na mji haukulala. 2025 ikawa TRA United. Jezi za zamani usitupe, ndo historia yenyewe hiyo.

Kweli Tabora haijawahi kuchukua ubingwa wa ligi? (Urambo)

Kweli. Ligi ilianza 1965 na Sunderland, ambao ni Simba wa leo. Walioutoa nje ya Dar ni kina Mseto ya Morogoro 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal 1988, Mtibwa 1999 na 2000. Na yule wa Mwanga Kigoma asicheke, nao hawana.