Siku niliyosahau chumvi

Swali lenu la wiki hii ni hili: ukiwa mgeni katika mji wa watu, ulijuaje kwamba umeshauzoea? Mimi nilijua kwa chumvi.

Mwezi wa Mei mwaka juzi nilikwenda kukaa wiki tano kwa dada yangu, ambaye anamtunza bibi mmoja mzee huko Camogli, mji mdogo wa pwani karibu na Genova, Italia. Mimi ni mtu wa kusini Unguja. Kwetu ardhi ni bapa kama sinia. Milima tuliisoma shuleni.

Camogli imeng'ang'ania mlima kama chaza kwenye mwamba. Bahari iko chini, reli inapita katikati, na juu ni mizeituni iliyopandwa kwenye matuta yanayozuiwa na kuta za mawe. Nyumba za ufukweni zimebanana, ghorofa sita na zaidi, na kwa kuwa zimeegemea mteremko, nyingine unaingilia barabara ya juu kisha unashuka kwenda chumbani. Ukifungua dirisha, bahari bado iko ghorofa tatu chini yako. Siku ya kwanza nilipotea, tena humo humo ndani ya jengo.

Na madirisha yenyewe usiyaamini. Mengi yamechorwa tu ukutani kwa rangi, na kivuli chake juu. Kuna moja nililisubiri siku mbili lifunguliwe. Wenyewe wanasema zile rangi za njano na waridi zilimsaidia baharia kuitambua nyumba yake angali mbali, maana karne ya 19 mji huu ulikuwa na merikebu za matanga kwa mamia. Wanasema pia kwamba jina Camogli maana yake ni nyumba ya wake, waume wakiwa safarini. Dada anasema hizo ni hadithi za watalii. Mimi nimezaliwa kijiji cha wavuvi, naziamini.

Kutoka dukani hadi mlangoni kwa dada ni ngazi 187. Nilizihesabu kwa magoti. Gari halifiki. Maji, viazi, hata taka, vyote huenda kwa mkono, kwa hiyo watu hununua kidogo kidogo kila siku. Bibi ana miaka 88 na bado hushuka mara moja kwa siku, dada kamshika mkono. Kila ngazi zinapokatika pana kituo kidogo cha kupumulia, na hapo ndipo baraza ilipo. Habari za mji mzima nilizipata pale, ingawa Kiitaliano changu kilikuwa cha salamu tu. Asubuhi bibi huchovya focaccia, ule mkate bapa wa mafuta ya zeituni na chumvi juu, ndani ya kahawa ya maziwa. Nilikunja uso. Wiki ya pili nami nikawa nachovya.

Lakini kilichonishika moyo ni nyavu. Upande wa Punta Chiappa wavuvi wa ushirika wao hutega mtego mkubwa wa jodari unaokaa baharini tangu masika ya kwao hadi kiangazi kiishe, kama wando wetu, ila wao hutumia nyavu badala ya fito. Nilipozisogelea zile kamba nikanusa, nikashika, nikacheka peke yangu. Makumbi! Mji usio na mnazi hata mmoja wa kuzaa unasuka nyavu zake kwa nyuzi za nazi, kwa sababu zinavumilia maji ya chumvi na mwisho huoza zenyewe. Bibi yangu mzaa mama alifukia makumbi pwani miezi kwa miezi, akayafukua, akayaponda, akasokota kamba, mikono yake ikinuka vilevile. Nilijaribu kumweleza mvuvi mmoja kwa ishara. Sidhani kama alielewa, lakini alinikatia kipande cha kamba nikaondoka nacho.

Sasa chumvi. Wiki ya tatu nilipika wali wa nazi ya kopo, na wale dagaa wao wakubwa, acciughe. Wali unachemka, naangalia, chumvi hakuna. Ilikuwa saa nane mchana. Maduka hufungwa tangu saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, na hata yangekuwa wazi, ngazi 187 kwa kijiko cha chumvi? Mgeni angeshuka mbio. Mimi nilipanda kumi na mbili, nikabisha kwa jirani, nikarudi na chumvi, limau mbili, na ahadi ya kumpelekea sahani.

Jioni ile nikiwa ufukweni, mama mmoja mtalii aliniuliza stesheni iko mbali kiasi gani. Nikainua kidole juu, kisha nikalitazama sanduku lake. Tukalishika huku na huku, tukaanza kupanda.